Vikokotoo vitatu, majibu matatu: upana wa njia ya antena ya omu 50 kwenye bodi ya saketi

Swali

Msomaji anayebuni kifaa cha kupima kina cha maji kwenye matangi, chenye kutuma vipimo kwa redio, ameandika hivi: “Bodi yangu ina matabaka manne ya shaba na unene wa mm 1.6. Ina moduli ya redio ya LoRa (redio ya kutuma data mbali kwa nguvu ndogo) ya megahezi 868, na kutoka kwenye mguu wake wa antena hadi konekta ni mm 20 hivi. Maelezo ya moduli yanataka njia hiyo ya shaba iwe na impidansi ya omu 50. Nimetumia vikokotoo vitatu: cha kwanza kimenipa upana wa mm 0.35, cha pili mm 0.40, na cha tatu karibu mm 3. Kwenye bodi ya majaribio nimepima njia hiyo kwa mita ya kupimia ukinzani, nikaona sifuri. Naomba kujua kipi ni sahihi, hesabu yenyewe hufanywaje kwa mkono, na kama kuna haja ya kukilipa kiwanda ada ya kudhibiti impidansi. Bodi ina USB pia.”

Jibu

Ndugu msomaji, vikokotoo vyote vitatu vimejibu sawasawa kile vilichoulizwa. Kati ya mm 0.35 na mm 0.40 tofauti ni ndogo na ina sababu moja inayoeleweka; bodi iliyotengenezwa kwa upana wowote kati ya hizo mbili itafanya kazi. Ile ya mm 3 ni sahihi kwa bodi nyingine isiyo yako, na ukiitumia redio yako itapoteza sehemu kubwa ya nguvu kabla haijafika kwenye antena. Nitakuonyesha kila namba ilikotoka, kwa sababu siku utakapobadilisha kiwanda au idadi ya matabaka, namba hizi zote zitabadilika na utalazimika kuzitafuta upya.

Nianze na mita yako. Mita hupima ukinzani wa shaba kwa mkondo usiobadilika, na kipande cha shaba chenye urefu wa mm 20, upana wa mm 0.35 na unene wa mm 0.035 kina ukinzani wa omu 0.03 hivi, kiasi ambacho mita ya kawaida haiwezi kukitofautisha na waya zake yenyewe. Omu 50 tunazozizungumzia ni kitu kingine: ni uwiano kati ya volteji na mkondo wa wimbi linaposafiri juu ya njia hiyo. Kila milimita ya njia ina indaktansi yake, kwa sababu mkondo unaopita huzungukwa na uga wa sumaku, na ina kapasitansi yake, kwa sababu shaba ya juu inatazamana na tabaka la ardhi (shaba ya volti sifuri, ambako mkondo hurudi) lililo chini yake na kati yao kuna kihami. Impidansi ya njia, ukiacha upotevu mdogo, ni kipeuo cha pili cha indaktansi gawanya kwa kapasitansi. Kwa njia ya omu 50 kwenye bodi kama yako, indaktansi ni nanohenri 0.30 kwa kila milimita na kapasitansi ni pikofaradi 0.12 kwa kila milimita. Gawanya, tafuta kipeuo, utapata 50. Urefu haumo katika uwiano huo, ndiyo maana njia ya mm 20 na njia ya mm 200 zina impidansi ileile mradi umbo lao halibadiliki.

Kutokana na hapo unaweza kukisia mwelekeo wa kila badiliko kabla ya kugusa kikokotoo chochote. Ukipanua njia, kapasitansi inaongezeka na indaktansi inapungua, kwa hiyo impidansi inashuka. Ukilisogeza tabaka la ardhi mbali zaidi, kapasitansi inapungua na impidansi inapanda. Ukitumia kihami chenye uwezo mkubwa zaidi wa kuhifadhi uga wa umeme, impidansi inashuka. Nakushauri uishike mielekeo hii mitatu kichwani, kwa maana ndiyo itakayokuamsha pale kikokotoo kitakapotoa namba ya ajabu.

Kimo kisichoandikwa kwenye lebo ya bodi

Njia iliyo kwenye uso wa bodi, yenye hewa juu yake na tabaka la ardhi chini yake, huitwa maikrostripu. Hesabu yake inahitaji namba nne: upana wa njia (w), unene wa shaba (t), kimo cha kihami kilicho kati ya njia na tabaka la ardhi lililo karibu nayo (h), na kigezo cha kihami hicho (εr), yaani mara ngapi kinaongeza kapasitansi kuliko utupu.

Kosa kubwa kuliko yote liko kwenye h, na ndilo lililozaa zile mm 3. Unene wa mm 1.6 ni wa bodi nzima. Katika bodi ya matabaka manne ya kawaida, tabaka la pili haliko mm 1.6 chini ya uso. Liko chini ya shuka moja jembamba la nyuzi za kioo lililoloweshwa epoksi, na katikati ya bodi ndipo penye kiini kinene, mara nyingi cha milimita moja au zaidi kidogo. Shuka linalotumika sana katika bodi za bei nafuu ni la aina ya 7628, ambalo likishabanwa kwa joto hubaki na unene wa takriban mm 0.2. Shuka la 2116 huwa na mm 0.12 hivi, na la 1080 karibu mm 0.07. Kwa hiyo h yako ni karibu mm 0.21, siyo 1.6, na tofauti hiyo ya zaidi ya mara saba inaingia moja kwa moja kwenye jibu.

Namba hii usiikisie. Viwanda vinavyotengeneza bodi kwa wateja wadogo hutoa jedwali la mpangilio wa matabaka, lenye unene wa kila shuka baada ya kubanwa, kigezo chake cha εr na unene wa shaba iliyokamilika. Lipate jedwali la kiwanda utakachokitumia, na ulipate kabla ya kuchora njia, kwa sababu kiwanda kimoja kinaweza kuwa na mipangilio kadhaa kwa unene uleule wa mm 1.6. Unapoagiza, taja mpangilio uliouchagua kwa jina lake. Ukiacha nafasi hiyo wazi, kiwanda kitakuchagulia chenyewe.

Hesabu kwa mkono

Kwa majibu yafuatayo nitatumia h = 0.21, t = 0.035 na εr = 4.4, vipimo vyote vikiwa kwa milimita. Fomula inayotumika zaidi, iliyochapishwa katika IPC-2141, mwongozo wa wabunifu wa bodi za saketi, ni hii:

Z = 87 / √(εr + 1.41) × ln[ 5.98h / (0.8w + t) ]

ambapo ln ni logi asilia. Tunachokitafuta ni w, kwa hiyo tunarudi kinyume. Jumla ya 4.4 na 1.41 ni 5.81, kipeuo chake cha pili ni 2.41, na 87 ukigawanya kwa hiyo unapata 36.1. Tunataka omu 50, basi logi lazima iwe 50 gawanya kwa 36.1, yaani 1.385. Namba ambayo logi yake asilia ni 1.385 ni 4.0. Sasa 5.98 mara 0.21 ni 1.256, gawanya kwa 4.0, unapata 0.314. Ondoa unene wa shaba wa 0.035, inabaki 0.279, kisha gawanya kwa 0.8. Jibu ni mm 0.35. Ndiyo namba ya kikokotoo chako cha kwanza, na sasa unajua kilitumia fomula gani.

Fomula hii ina mipaka yake. Iliwekwa kwa uwiano wa w/h ulio kati ya 0.1 na 2; kwako uwiano ni 1.67, uko ndani lakini unakaribia ukingoni. Nje ya mipaka hiyo haitoi onyo lolote. Jaribu kuweka njia ya mm 3 juu ya kimo cha mm 0.21: fomula itakupa omu 24 hasi, kitu kisichokuwepo duniani. Kikokotoo kilichojengwa juu ya fomula hii peke yake kitaonyesha upuuzi huo kwa tarakimu mbili za desimali, na mtumiaji asiyejua mpaka wake anaweza hata kuiondoa alama ya kutoa akidhani ni hitilafu ya maandishi.

Fomula zilizo bora zaidi ni zile za Hammerstad, mhandisi wa Norway, aliyeendeleza kazi ya mhandisi mwenzake Harold Wheeler. Zinaanza kwa kutambua kwamba uga wa umeme wa maikrostripu haumo wote ndani ya kihami. Sehemu yake inapita hewani juu ya bodi. Kwa hiyo wimbi linahisi kigezo cha wastani, kidogo kuliko εr ya kihami, ambacho hapa nitakiita εe:

εe = (εr + 1)/2 + (εr − 1)/2 × 1/√(1 + 12h/w)

na pale w inapokuwa sawa na h au kubwa kuliko h,

Z = 377 / { √εe × [ w/h + 1.393 + 0.667 ln(w/h + 1.444) ] }

Weka w = 0.40 na h = 0.21. Uwiano wa w/h ni 1.905, εe inatoka 3.33, kipeuo chake ni 1.825, na yaliyo ndani ya mabano ya mraba yanafika 4.10. Gawanya 377 kwa 1.825, kisha kwa 4.10, unapata omu 50.3. Hiyo ndiyo namba ya kikokotoo chako cha pili. Lakini angalia kwamba t haimo popote katika fomula hizi mbili: zinachukulia shaba kuwa nyembamba kama haina unene. Shaba halisi ina kuta za pembeni, na kuta hizo hubeba uga wao, kwa hiyo njia inafanya kazi kana kwamba ni pana kidogo kuliko inavyoonekana. Nyongeza ya upana huo inakadiriwa hivi:

Δw = (t/π) × [ 1 + ln(2h/t) ]

ambayo kwako ni mm 0.039. Ukichukua njia ya mm 0.35 na kuiongezea kiasi hicho, unakuwa na upana wa mm 0.389 katika fomula ya Hammerstad, na jibu ni takriban omu 51. Bila nyongeza hiyo, njia hiyohiyo ya mm 0.35 ingeonekana kuwa na omu 54. Basi tofauti kati ya vikokotoo vyako viwili vya kwanza ni unene wa shaba tu: kimoja kiliuhesabu na kingine hakikuuhesabu, au pengine wewe uliiacha nafasi yake tupu.

Linabaki jambo la utando wa kijani unaozuia lehemu. Utando huo unafunika njia na kuchukua nafasi ya hewa ambayo fomula zimeichukulia kuwa ipo, na huishusha impidansi kwa omu moja hadi tatu hivi. Omu 51 za njia ya mm 0.35 zinashuka basi hadi kwenye 50 au chini yake kidogo. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni mm 0.35. Kama unatumia KiCad, programu ya kuchora bodi, kikokotoo chake cha njia za mawimbi, ambacho kinajumuisha unene wa shaba na masafa, kitakuletea jibu la jirani.

Zile mm 3 sasa zinajieleza. Weka h = 1.53, ambacho ndicho kihami cha bodi ya matabaka mawili yenye unene wa mm 1.6, na fomula ya Hammerstad pamoja na nyongeza ya unene inatoa omu 50 kwa upana wa mm 2.9. Ni jibu zuri kwa bodi ya matabaka mawili. Kwenye bodi yako, ambayo ardhi yake iko mm 0.21 tu chini, njia ya mm 3 ina omu 11 hivi. Kwa mm 20 za njia hiyo kati ya moduli na antena zenye omu 50, wimbi la megahezi 868 linakutana na hali ambayo karibu theluthi mbili ya nguvu inarudi kwenye moduli. Kifaa chako kingewaka, kingetuma, na kingesikika kwenye meza ya kazi. Umbali ndio ungekosekana, na ungeweza kutafuta kosa kwenye programu kwa muda mrefu sana.

Ni kosa gani linalodhuru, na ni lipi lisilodhuru

Watu hubishana mno kuhusu εr ya FR-4, yaani kihami cha kawaida cha bodi za saketi. Ni kweli kwamba haina namba moja. FR-4 ni mchanganyiko wa nyuzi za kioo, ambazo kigezo chake kiko karibu na 6, na epoksi ambayo iko karibu na 3, kwa hiyo shuka lenye epoksi nyingi huwa na εr ndogo kuliko lenye nyuzi nyingi, na namba hiyohiyo hushuka taratibu masafa yanapopanda. Lakini tazama inavyogusa jibu. Kwa njia yako ya mm 0.35, εr ikishuka kutoka 4.4 hadi 4.2, impidansi inapanda kwa omu 0.9 tu, ikipanda hadi 4.6, inashuka kwa 0.8. Shuka la kihami likiwa jembamba kwa asilimia 10, yaani mm 0.19, impidansi inashuka kwa omu 3.6. Kemikali inayokula shaba ikipunguza upana wa njia kwa mm 0.03, impidansi inapanda kwa karibu omu 3. Kwa hiyo kama una dakika kumi za kuulizia namba kiwandani, tumia tisa kuulizia kimo cha kihami.

Kisha jiulize usahihi unaouhitaji. Kiasi cha volteji kinachoakisiwa mpakani kati ya njia ya omu Z na mfumo wa omu 50 ni (Z − 50)/(Z + 50). Njia ikitoka na omu 45, asilimia 10 chini ya lengo, sehemu inayoakisiwa ni 5 kati ya 95, na nguvu ni mraba wake, yaani chini ya asilimia 0.3. Antena nyingi za bei ya kawaida zenyewe hurudisha asilimia 10 ya nguvu na bado huhesabiwa kuwa nzuri. Zaidi ya hayo, njia yako ni fupi kwa kipimo cha wimbi lenyewe: wimbi la megahezi 868 lina urefu wa mm 345 hewani, na juu ya bodi yako, ukigawanya kwa kipeuo cha εe, ni kama mm 190. Njia ya mm 20 ni karibu moja ya kumi ya urefu huo. Hii ndiyo sababu ninasema mm 0.35 na mm 0.40 zote mbili zitafanya kazi. Lakini usichukue ufupi huo kuwa ruhusa ya kutohesabu, kwa maana umeona hapo juu kile ambacho omu 11 zinaweza kufanya katika mm 20 hizohizo.

Kwa hiyo usilipe ada ya kudhibiti impidansi kwa bodi hii. Ukilipa, kiwanda hurekebisha upana wa njia zako kulingana na mchakato wake, hutengeneza vipande vya majaribio pembeni mwa paneli, hupima vipande hivyo kwa kifaa kinachotuma ukingo mkali wa volteji na kusoma mwangwi wake, na kukuhakikishia kuwa uko ndani ya asilimia 10, kwa kawaida. Ni huduma yenye thamani kwa chipu za kumbukumbu za kasi, kwa masafa ya gigahezi kadhaa na kwa njia ndefu. Kwako, kuchagua mpangilio wa matabaka unaojulikana na kuchora upana sahihi kunatosha.

Ambacho fomula haikioni

Fomula zote hizi zinachukulia kwamba chini ya njia kuna tabaka la ardhi lisilokatika. Mkondo unaokwenda kwenye antena lazima urudi, na katika masafa haya unarudi ukiwa umejikusanya chini ya njia yenyewe: karibu asilimia 80 yake iko ndani ya umbali wa mara tatu ya h kila upande, ambao kwako ni mm 0.63. Ukipitisha waya wa tabaka la pili ukikata ardhi hiyo chini ya njia ya antena, mkondo wa kurudi unalazimika kuzunguka ufa, indaktansi inapanda, na sehemu ya nguvu inatoka kama mionzi mahali usipopataka. Kikokotoo hakiwezi kukuonya juu ya hilo kwa sababu hakiuoni mchoro wako. Ningekuwa radhi zaidi na njia yenye omu 46 juu ya ardhi kamili kuliko njia yenye omu 50 za kikokotoo juu ya ardhi iliyokatwa. Kwa sababu hiyo tabaka la pili liache liwe ardhi tupu katika eneo lote la redio.

Ukijaza shaba ya ardhi kwenye uso wa juu pia, kama wengi wafanyavyo, iweke mbali na njia kwa zaidi ya mara tatu ya h. Ikikaribia zaidi ya hapo, inaongeza kapasitansi ya pembeni na njia yako haiwi tena maikrostripu. Inakuwa aina nyingine, yenye ardhi pembeni na chini, na inahitaji fomula yake, ambayo haifai kufanywa kwa mkono. Aina hiyo ni mkombozi kwenye bodi za matabaka mawili, ambako mm 2.9 ni pana kupita kiasi kwa miguu ya moduli: njia ya mm 1.0 yenye nafasi ya mm 0.2 kila upande, juu ya kihami cha mm 1.55, inatoa takriban omu 54 bila kuhesabu unene wa shaba, na unene huo unaishusha kuelekea 50. Hapo matundu yaliyopakwa shaba, yanayounganisha ardhi ya juu na ya chini, yapangwe kwa karibu kando ya njia yote, la sivyo ardhi ya juu itabaki ikielea.

Angalia pia pedi ya konekta, yaani kipande cha shaba ambapo konekta hulehemiwa. Njia ya mm 0.35 ikifika kwenye pedi yenye upana wa mm 1.5 na urefu wa mm 4, pedi hiyo juu ya ardhi iliyo mm 0.21 chini yake inafanya kapasita ya pikofaradi 1.1. Katika megahezi 868 inaakisi asilimia 2 ya nguvu, na unaweza kuivumilia. Katika gigahezi 2.4, kama siku moja utabadilisha redio, ingeakisi karibu asilimia 15. Dawa yake ni kuondoa shaba ya tabaka la pili chini ya pedi hiyo pekee, ukiiacha ardhi ya tabaka la tatu au la nne ichukue nafasi yake.

Kuhusu USB

USB inatumia njia mbili zinazobeba ishara zilizo kinyume, na kinachotakiwa ni omu 90 kati yao. Njia mbili zikikaribiana zinaathiriana, na makadirio yanayokwenda pamoja na fomula ya kwanza ni

Zd = 2Z × [ 1 − 0.48 × e^(−0.96 s/h) ]

ambapo s ni nafasi kati yao na Z ni impidansi ya kila moja ikiwa peke yake. Chukua s = 0.2. Mabano yanatoka 0.81, kwa hiyo kila njia peke yake inapaswa kuwa na omu 55.7, na ukirudi kwenye fomula ya kwanza unapata upana wa mm 0.29. Chora njia za mm 0.29 zenye nafasi ya mm 0.2, zilingane kwa urefu, na zisivuke ufa wowote wa ardhi.

Hata hivyo, kama USB yako ni ile ya megabiti 12 kwa sekunde, kama ilivyo kwa vidhibiti vidogo vingi, na njia zake ni za sentimita mbili au tatu, usikose usingizi kwa ajili yake. Kanuni ya kazi inayotumika ni kwamba impidansi huanza kuwa na uzito pale muda wa wimbi kusafiri njia nzima unapozidi moja ya sita ya muda ambao ishara inatumia kupanda. Kwenye uso wa bodi yako wimbi linatumia pikosekunde 6.1 kwa kila milimita. Ishara inayopanda kwa nanosekunde moja inaruhusu basi mm 27 hivi, na ishara za USB ya kasi hiyo hupanda taratibu zaidi, kwa nanosekunde 4 au zaidi. USB ya megabiti 480 ni suala jingine, na huko namba za hapo juu zifuatwe.

Kupima ulichokitengeneza

Kwa kuwa umeonyesha kuwa unapenda kupima, nakushauri uweke kwenye kona ya bodi, au kwenye kipande cha pembeni cha paneli, njia ya majaribio ya mm 0.35 yenye konekta upande mmoja tu. Kwa kifaa kidogo kama NanoVNA, kinachopima impidansi katika masafa unayoyachagua, kilichosawazishwa vizuri hadi kwenye ncha ya waya wake, pima impidansi ya njia hiyo mara mbili kwa masafa yaleyale: mara ya kwanza mwisho wake ukiwa wazi, mara ya pili mwisho wake ukiwa umeunganishwa na ardhi kwa lehemu, kwa njia fupi iwezekanavyo. Zidisha vipimo viwili, tafuta kipeuo cha pili, na hiyo ndiyo impidansi halisi ya njia. Chagua masafa ambayo urefu wa njia ni moja ya nane ya wimbi, kwa sababu hapo vipimo vyote viwili vina ukubwa unaokaribiana na makosa ya kifaa ni madogo. Kwa njia ya mm 40 kwenye bodi yako ni karibu megahezi 510. Konekta yenyewe na pedi yake vitaongeza kosa kidogo, kwa hiyo usishtuke ukiona 48 au 52. Ukiona 40, rudi kwenye jedwali la matabaka na ukiulize kiwanda ni shuka gani kilitumia.